REDIO YA KUITA MSAADA SI PAMBO LA MELI



Sisi wa reli hapa Kisumu tumezoea kudhani kazi yetu yaishia gatini. Sivyo. Mwaka 2019 meli Uhuru ilirudi kuvusha mabehewa ya mafuta mpaka Port Bell, na safari hiyo hupita usiku, mbali na mji wowote.

Huko tegemeo la baharia ni redio ndogo ya kuita msaada, iitwayo EPIRB. Ikiwashwa hupeleka ishara ya 406 MHz kwa setilaiti, na waokoaji hujua chombo kiko wapi. Jina la chombo watalijua ikiwa tu redio imeandikishwa. Zile za zamani za 121.5, setilaiti ziliacha kuzisikiliza Februari 1, 2009. Kuwa nayo ni kupiga filimbi ndani ya gunia.

Tumepata kuona moja, hatutaji katika chombo gani, imefungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, na ufunguo anao karani nchi kavu. Je, karani ataogelea?

Mahali pake ni nje, penye anga wazi, pasipo kamba wala turubai. Kila mwezi kibonyezwe kifungo cha kujaribia (si cha kuwashia!). Betri ina tarehe yake, na kifaa kinachoiachia redio meli ikizama hubadilishwa kila miaka 2.

Husemwa ni kazi ya nahodha. Nahodha ana mengi. Twataka baharia mmoja aandikwe kwa kazi hii, apewe saa zake na malipo yake, na kitabu cha ukaguzi aonyeshwe mjumbe wa chama kila akitakapo.