Turbo kubwa, moshi mwingi: nani anauvuta?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaousoma ukurasa huu mkingojea sufuria ichemke,

Mtasema munganga ameacha sindano, sasa anataka kutufundisha umakanika. Nivumilieni kidogo. Habari hii ilianzia kwenye benchi la dispanseri.

Miezi ya vumbi iliyopita shofere mmoja wa kampuni yetu alifika kwangu mara tatu katika wiki mbili. Kichwa kinamgonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Mara ya kwanza tulipima damu tukitafuta malaria, hatukuiona. Tulimpa vidonge vya kichwa. Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu alikuja na mke wake, na ni yule mama aliyenifungua macho: «Munganga, huyu akikaa nyumbani hana kitu. Akipanda ile kamio yake tu, usiku anatapika.»

Kamio yake ni ile aliyonunua pamoja na mdogo wake, ili siku za mapumziko wabebe makala na mahindi. Ni Mercedes ya zamani yenye moteri OM 352: silinda 6, lita karibu 5.7, farasi 130, bila turbo. Akiwa na mzigo ilikuwa inachoka kwenye mlima. Katika garaji moja ya mjini walimwambia: tuweke turbo. Waliitoa kwenye moteri ya lita 12 iliyokufa ajalini, wakaifunga, wakafungua visi ya pompi ya mazuti, na moshi mweusi ukapanda juu ya miti. Watu wote wakapiga makofi. «Sasa ina nguvu!»

Nilikwenda kuiona siku ya Mungu. Pale bomba la moshi linapokutana na turbo palikuwa peusi kwa masizi, kwa sababu kipande cha kuzibia kilikuwa kimeungua. Moshi ulipita kwenye tundu la fimbo ya vitesi, ukaingia moja kwa moja ndani ya kabini. Humo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Dizeli yenye afya hutoa kidogo tu ya gesi hiyo. Dizeli iliyonyimwa hewa hutoa zaidi. Kila safari ndugu yetu alikuwa anavuta sumu saa tano au sita, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, na mdogo wake kando yake.

Sikatai turbo. Ni kitu chenye akili. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha uvumbuzi huo mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye moteri unazungusha gurudumu dogo, gurudumu hilo linazungusha jingine upande wa pili, na hilo la pili linasukuma hewa ndani ya silinda. Moshi uliokuwa unapotea unafanya kazi. Ugomvi wangu ni na namna watu wanavyoichagua: kwa kuangalia ukubwa wake mezani, kama mtu anayechagua kiatu kikubwa kuliko mguu wake kwa kuwa bei ni moja.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Moteri ya lita 5.7, ikipanda mlima kwa mizunguko 1,600 kwa dakika, inavuta hewa lita 4,560 kwa dakika kabla turbo haijaongeza kitu. Ile ya lita 12, kwa mizunguko ile ile, inavuta lita 9,600. Turbo iliyozoea moshi na hewa ya moteri kubwa haiamki kwa pumzi ya moteri ndogo. Shofere anakanyaga, mazuti yanaingia yote, hewa inachelewa. Ikiamka, mara nyingine upande wa hewa unazidiwa, hewa inarudi nyuma kwa kishindo, na turbo inakohoa. Ndiyo, inakohoa, na kikohozi hicho kinavunja chuma chake. Turbo ndogo mno nayo ina ugonjwa wake: inazunguka kupita kiasi, na inapasha hewa moto kuliko kuisukuma.

Lita moja ya mazuti ina uzito wa gramu 840 hivi. Ili iungue bila moshi mweusi katika moteri yenye mzigo, inataka hewa karibu mara 20 ya uzito wake, yaani kilo 17. Hapa kwetu Kolwezi, kwenye urefu wa metri 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi: kilo 17 ni karibu mita 17 za ujazo, sawa na chumba kidogo kizima cha nyumba ya kampi. Kwa lita moja tu! Ukifungua visi ya pompi bila kuleta hewa hiyo, mazuti hayapotei. Yanatoka nusu yameungua, nusu masizi. Moshi mweusi ni pesa yako uliyolipa kwenye pampu, inaruka juu ya paa la jirani.

Urefu huu una jambo jingine ambalo garaji nyingi husahau. Manometri ya turbo inaonyesha kile kilichoongezwa juu ya hewa ya nje tu. Muanda, kando ya bahari, sindano ikionyesha bari 1, turbo imezidisha hewa mara 2. Kolwezi hewa ya nje ni bari 0.86 hivi, kwa hiyo sindano ile ile ya bari 1 maana yake ni karibu mara 2.2. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi kufika pale pale. Turbo inayofaa Muanda inaweza kufa mapema huku, na kipimo ulichosikia kwa rafiki wa Matadi usikiingize kwenye gari lako bila kuhesabu tena.

Basi nani achague? Kama kiwanda kilitengeneza moteri yako pia pamoja na turbo, anzia pale. OM 352 ina ndugu yake, OM 352 A, iliyotoka kiwandani na turbo, farasi karibu 170. Kiwanda kilikwisha kukufanyia hesabu. Kama hakuna ndugu kama huyo, mwambie makanika akuonyeshe karatasi ya turbo, ile yenye michoro ya mistari ya hewa na shinikizo, na akuonyeshe kwa kidole moteri yako inakaa wapi ikiwa chini kwa mizunguko na ikiwa juu. Asiyeweza kuonyesha anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa yako.

Lakini kabla ya hayo yote, pima ugonjwa. Mtu akija kwangu na homa, simfungui tumbo. Kamio isiyo na nguvu mara nyingi ina filtri ya hewa iliyozibwa na vumbi jekundu, ama sindano za mazuti zilizochoka, ama valvu zisizorekebishwa, ama bomba la hewa linalovuja. Turbo mpya juu ya moteri mgonjwa inaharakisha mazishi tu. Na nisisahau freni! Moteri ikipata farasi zaidi, freni zinabaki zile zile. Gari lililokuwa linapanda na tani 5 sasa linapanda na 7, shofere anafurahi, na upande wa pili wa mlima ni mteremko. Waliofika kwetu kwa njia hiyo hawakufika kwa miguu.

Ukikwisha kufunga turbo inayofaa, rekebisha polepole. Weka vipimo viwili mbele ya shofere: shinikizo la hewa, na joto la moshi kabla haujaingia kwenye turbo. Kipimo kilichowekwa nyuma ya turbo kinadanganya, kwa sababu moshi umekwisha kupoa degre mia moja ama zaidi. Makanika wengi hushika degre 700 kuwa mpaka wa kazi ndefu. Buku la moteri yako likisema chini ya hapo, fuata buku. Pistoni ni ya aluminiamu, na aluminiamu inayeyuka kwenye degre 660. Pistoni inaishi kwa sababu mafuta na maji vinaipoza, na kwa sababu moto unampiga kwa vipindi. Panda mlima mmoja na mzigo mmoja, ongeza mazuti kidogo sana, panda tena, tazama. Moshi ukibaki mweusi baada ya turbo kuamka, rudisha visi. Na kile kikopo chenye utando juu ya pompi, kinachozuia mazuti mengi mpaka hewa ifike, msikiondoe. Kila mwerevu wa garaji anaanza na hicho.

Mafuta ya turbo ni damu yake. Ukifika, acha moteri izunguke polepole dakika 3 ama 5 kabla ya kuizima, la sivyo mafuta yanaungua ndani ya turbo yenye moto na kuwa makaa. Watoto wasikaribie: nyumba ya turbo inaunguza ngozi muda mrefu baada ya gari kusimama. Na mama, gari linapowashwa asubuhi ndani ya parseli, ondoeni watoto upande wa bomba la moshi na fungeni dirisha la chumba cha kulala.

Sasa neno langu kwa wanaofanya kazi chini ya udongo, nalo ni kali. Huko nje upepo unachukua moshi wa makosa yako. Chini hakuna upepo ila ule tunaousukuma sisi. Hewa ya kila njia hupimwa kwa kufuata mashini zinazofanya kazi pale. Ukifungua visi robo ya mzunguko, umebadili hesabu ya watu wote walio nyuma yako, nao hawajui. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, la Lyon huko Ufaransa, lilisema moshi wa dizeli huenda unaleta kansa. Mwezi wa 6 mwaka 2012 likaondoa neno «huenda»: unaleta kansa ya mapafu. Mwaka ule ule uchunguzi wa Marekani juu ya wafanyakazi 12,315 wa migodi 8 ulionyesha kwamba waliovuta moshi huo zaidi walikufa zaidi kwa kansa ya mapafu. Kansa hiyo haileti homa kesho. Inangoja miaka mingi, mara nyingi mpaka mtu yuko kwenye pensheni.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: chini ya udongo asiguse mtu pompi wala turbo bila atelye kupima moshi na mkubwa wa hewa kujulishwa. Na wakubwa wanaohesabu premi kwa safari wajiulize pia. Shofere akilipwa kwa safari, visi ile itafunguliwa usiku, hata mkiandika makatazo kwenye kila ukuta.

Shofere wetu amebadili turbo, akachukua ya ukubwa unaofaa, mazuti yakarudishwa, tundu la kabini likazibwa. Mlima anaupanda polepole kuliko wenzake wenye moshi, na mdogo wake bado anamnung'unikia kwa hilo. Kichwa hakimuumi tena. Dispanseri inafunguliwa saa moja asubuhi: ukija na kichwa kinachouma, niambie pia unaendesha gari gani, na ni nani aliyelitengeneza mara ya mwisho.