Wenye Kompyuta za Zamani Tabora, Tukae Pamoja

Ndugu zangu wa Tabora mjini, na ninyi wa Nzega, Sikonge, Urambo na Kaliua, hadi Uvinza na Kigoma: tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft imeacha kuitunza Windows 10. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Kesho yake steshenari za Isevya na Kanyenye zilifunguliwa kama kawaida, watu wakatoa kopi, wakaskani vyeti, wakaondoka. Jambo likapita kimya kimya, na huo ukimya ndio unaonitia wasiwasi.

Kutunza maana yake nini? Kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft hutoa viraka vya usalama vya kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wangeweza kupenyea. Windows 11 inaendelea kuvipata. Windows 10 haivipati tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza nitakaoueleza mbele. Na hatari haiishii hapo. Mifumo hii miwili inashabihiana sehemu nyingi, kwa hiyo kiraka kinachotolewa kwa Windows 11 kinaweza kumwonyesha mwizi mahali pa kutafuta tundu lilelile kwenye Windows 10, ambako hakuna wa kuliziba.

Utaambiwa: hamia Windows 11, yaishe. Jaribu uone. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na kwa kompyuta za Intel inadai, kwa kawaida, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Sasa tazama tulizonazo. Dell, HP na ThinkPad za mtumba, zilizomaliza kazi katika maofisi ya watu huko nje, zikashukia Dar es Salaam, zikapanda basi hadi huku. Nyingi ni kizazi cha tatu, cha nne, cha sita. Kioo kizima, RAM ipo, kibodi imefutika herufi A lakini inaandika. Mashine inayofanya kazi kutwa inakataliwa kwa sababu haimo kwenye orodha.

Kwa nini hili liwe letu sote, lisiwe la mwenye mashine peke yake? Ingia steshenari yoyote msimu wa maombi ya Bodi ya Mikopo. Kijana amekaa kwenye benchi na bahasha yake ya kaki. Mhudumu anaskani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA cha mzazi, picha ya pasipoti. Vyote anaviweka kwenye folda lenye jina la kijana, hapo hapo kwenye kioo cha mwanzo, katikati ya mafolda ya vijana wa mwaka jana na mwaka juzi. Kijana anaandika neno lake la siri. Kivinjari kinauliza kama kihifadhi neno hilo. Mhudumu anabonyeza ndiyo, maana anajua kesho kijana atarudi. Kisha inachomekwa flashi ya mteja anayefuata, mafaili yake yote yamegeuka vialama vidogo vya mkato visivyofunguka, na wote waliopo wanacheka kwa sababu wanamjua kirusi huyo kwa sura. Kompyuta hiyo moja imebeba siri za kata nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na mwenye steshenari akisema hakujua, sidhani kama atasikilizwa.

Tuseme ukweli mwingine, hata kama unauma. Nyingi kati ya mashine zetu hazijawahi kutunzwa hata siku moja. Fundi alipiga windo kutoka kwenye flashi yake, akaikraki, akazima apdeti ili zisile bando, akachukua chake. Windows 7 ilipoachwa tarehe 14 Januari 2020, wapo walioendelea nayo, na wapo wanaoendelea nayo mpaka leo. Kwa hiyo Oktoba 2025 haikutuletea tatizo jipya, imetupa tu nafasi ya kulizungumza lile la zamani.

Anayedhani wezi hawana haja na mashine ya Tabora akumbuke Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa kuanzia tarehe 12, kikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikidai malipo. Hakikuchagua tajiri wala maskini, kilitafuta tundu tu. Hospitali za serikali nchini Uingereza zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa. Na kiraka cha kuliziba tundu hilo kilikuwa kimetolewa tangu Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na waliokuwa kwenye mifumo iliyokwisha kuachwa.

Mji huu unajua nini cha kufanya mpagazi anapomaliza mkataba wake. Misafara kutoka Bagamoyo ilipofika hapa Unyanyembe, wapagazi wengi wa pwani walilipwa na kuachwa, mizigo ikafungwa upya, wakaajiriwa wengine wa kwenda Ujiji. Mwaka 1872, baada ya Stanley kuondoka, Livingstone alikaa Kwihara zaidi ya miezi mitano akisubiri wapagazi, na hakuna aliyemshauri achome shehena yake. Kompyuta yetu ndiyo mzigo, Windows 10 ndiye mpagazi. Tubadilishe mpagazi.

Mpagazi ninayempendekeza kwa mashine nyingi ni Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 ambao leo unaendesha sehemu kubwa ya intaneti. Aina zake mbili, Linux Mint toleo la 22 na Ubuntu 24.04, zitatunzwa hadi mwaka 2029. Ni za bure kihalali, hakuna cha kukraki. Mint inaanzia kwenye RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo raha yenyewe, na kwa mashine iliyochoka ipo aina nyepesi iitwayo Xfce. Unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi bila kugusa kitu ndani ya kompyuta. Isipokupendeza, chomoa flashi, washa upya, Windows yako iko palepale. Maombi ya mkopo, Ajira, RITA, BRELA, hata mfumo wa MUVU wanaoutumia makarani wa AMCOS zetu za tumbaku, yote yanafanyika ndani ya kivinjari. Firefox ya Linux ni Firefox ileile.

Sitawaficha kasoro zake. LibreOffice inafungua mafaili ya Word, lakini jedwali lenye mapambo mengi linaweza kusogea, kwa hiyo barua ya mteja itumwe kwa PDF. Baadhi ya printa ndogo za Canon zinazotumia mfumo wa CAPT ni wakaidi kwenye Linux. Jaribu printa yako kwanza, kabla ya kufuta chochote. Programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa Windows tu, mwenye nayo asihame kwa kufuata mkumbo. Na ukiweza kununua SSD ya kuweka mahali pa diski ya zamani, utaona mashine ya mwaka 2013 inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Wala tusiambiwe kwamba huu ni ugeni. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure yenye menyu za Kiswahili. Tuliisahau mapema mno, na kwa maoni yangu ni kwa sababu kila mtu aliachiwa aitafute mwenyewe, aipakue mwenyewe, akikwama akwame mwenyewe. Ndiyo maana ninaita watu wakutane. Faili la Mint lina karibu GB 3. Watu 40 wakilipakua kila mmoja kwa bando lake, hizo ni GB 120. Akilipakua mmoja kutoka tovuti ya wenyewe, akalihakiki kwa ile namba ndefu ya SHA256 ili ajue halikuchezewa njiani, wengine 39 wanalichukua kwa flashi bila senti.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa vyuo. Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho wazee wetu bado wanakiita Uhazili, ndicho kilichowafundisha mahazili wengi wa nchi hii kwa mashine za kuchapa, kikawavusha hadi kwenye kompyuta. VETA wana karakana. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kina wanafunzi wenye mikono myepesi na muda wa Jumamosi. Tupeni chumba kimoja chenye umeme wa uhakika, Jumamosi moja kila mwezi, tuanze hapo. Wanafunzi watajifunza kwa mashine za kweli zenye vumbi la kweli, jambo ambalo mtihani hauwapi.

La pili ni kwa mafundi, na hapa naomba tuelewane. Najua kupiga windo ni sehemu ya riziki. Hakuna anayekuomba ufanye kazi bure. Kuweka Linux ni kazi, kuhamisha mafaili ya mteja bila kupoteza picha za harusi ni kazi, kumfundisha mama wa steshenari mahali pa kubonyeza ni kazi kubwa kuliko zote. Toza. Tunachoomba ni uache kuuza windo iliyokrakiwa kama dawa, maana zile programu za kukraki ndizo mara nyingi zinazoingiza ugonjwa.

Walimu wakuu, ninyi nawaomba zaidi. Mpango wa nyongeza wa Microsoft upo hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa mtu binafsi, kwa dola 30, au bila malipo ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Kwa taasisi za elimu bei iliyotangazwa ni dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, dola 4 wa tatu. Sharti Windows iwe halali na iwe toleo la 22H2. Shule yenye maabara ya mashine halali haina sababu ya kukosa hilo wakati inajipanga kuhama. Na mfadhili akija na kompyuta 20, tukipiga picha na kukata utepe, awepo mtu mmoja wa kuuliza: prosesa ni kizazi cha ngapi, na mfumo wake unatunzwa hadi lini? Siyo utovu wa adabu. Mgeni mwema hataona vibaya, na shule itaepuka kupokea mzigo wa kuurundika stoo.

Kwa halmashauri zetu na Mamlaka ya Serikali Mtandao: mtuambie hadharani kompyuta za zahanati na ofisi za kata ziko kwenye mfumo gani na zitahama lini. Zina majina ya wagonjwa na mipaka ya viwanja vyetu. Hatuombi semina.

Viongozi wa misikiti na makanisa, wahasibu wa vikoba, makarani wa AMCOS, mtangaze tu wito huu baada ya ibada na mikutano yenu. Ipo kompyuta ambayo haiwezi kuhama kwa sababu yoyote ile. Hiyo itolewe kwenye intaneti kabisa, itumike kuchapa barua, na flashi inayoingia ipitie kwanza kwenye mashine iliyo salama. Iliyokufa isitupwe jalalani wala kuchomwa ili kutoa shaba, moshi wake unaishia kwenye vifua vya watoto wetu. Itakusanywa pamoja na nyingine hadi ifike mzigo wa kutosha kumpelekea mrejelezaji mwenye kibali cha NEMC.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, bonyeza Enter. Soma toleo. Bonyeza tena vitufe vilevile, andika tpm.msc, uone kama chipu ipo. Andika majibu kwenye karatasi: aina ya mashine, prosesa, RAM, toleo, printa. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, yajaribu kuyafungua kwenye mashine nyingine, kisha futa mafolda ya wateja wa mwaka juzi. Mwenye steshenari awatafute wenzake watatu wa mtaa mmoja, Cheyo kwa Cheyo, Ipuli kwa Ipuli, waunganishe karatasi zao, wamchague mmoja wa kuzipeleka chuo kilicho karibu na kuomba chumba kwa niaba yao. Barua ya maombi iandikwe na kupigwa muhuri wa serikali ya mtaa, na izungumzie Jumamosi moja tu ya majaribio, kwa mashine zisizozidi kumi. Siku hiyo uje na kompyuta, chaja, flashi ya GB 8 au zaidi, na printa yako.