Manomita Haipimi Radoni

Kila mwanafunzi wa sekondari aliyesoma fizikia anaifahamu manomita, ile neli yenye umbo la herufi U ambayo kimiminiko chake hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili kanieneo zinapotofautiana. Huko Marekani chombo hicho hicho hutundikwa majumbani, ili kusaidia kulinda mapafu ya wakaao humo. Maoni yangu ni kwamba ni rahisi mno kukisoma vibaya, na kwamba kosa hilo latuhusu sisi tunaofundisha sayansi.

Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu, itokanayo na kuvunjika kwa atomu za rediamu, ambayo nayo ni mzao wa urani iliyomo katika miamba na udongo. Nusumaisha yake ni siku 3.8. Atomu zinazozaliwa nayo, zikivutwa pamoja na hewa, hunasa mapafuni na kutoa mnururisho uwezao kuleta saratani. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani hukadiria kwamba watu wapatao 21,000 hufa kila mwaka nchini humo kwa sababu hiyo. Umma ulizinduka baada ya Desemba 1984, ilipogunduliwa kwamba mhandisi Stanley Watras, aliyekuwa akiamsha ving'ora katika kituo cha nguvu za nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, alikuwa akiubeba mnururisho huo kutoka nyumbani kwake.

Dawa yake ni sahili. Bomba hupenyezwa katika sakafu ya zege hadi kwenye kokoto zilizo chini yake; feni huvuta hewa ya udongoni na kuitoa juu ya paa kabla haijapita katika nyufa na kuingia vyumbani. Manomita hufungwa kwenye bomba, kati ya sakafu na feni.

Mwenye nyumba akikuta kimiminiko kimelingana pande zote mbili, ajue kwamba manomita haioni mvuto wowote: huenda umeme umekatika, feni imekufa, au kijineli cha manomita kimechomoka. Tofauti ikipungua, huenda hewa inaingia kwa ufa mpya au kwa kifuniko cha shimo la maji kilichoachwa wazi, au mdomo wa bomba juu ya paa umezibwa na barafu. Tofauti ikizidi ile ya siku ya kwanza, hilo nalo si jambo la kufurahia, kwa maana huenda maji yameziba njia chini ya sakafu. Sauti ya maji kugugumia ndani ya bomba huonyesha kwamba sehemu fulani imelegea na kutuamisha unyevu.

Lakini tuseme kwamba yote hayo hayapo, na kimiminiko kinasimama pale pale kilipokuwa. Je, nyumba ni salama? Hatujui. Manomita imepima kanieneo, haikupima radoni. Yawezekana chumba kilichoongezwa baadaye kina msingi wake ambao mvuto wa feni haufikii. Kwa sababu hiyo inashauriwa kuipima gesi yenyewe baada ya mtambo kufungwa, na tena walau kila baada ya miaka 2. Kipimo kikifikia bekereli 148 kwa kila meta ya ujazo, mtambo hauna budi kurekebishwa, hata kama feni inavuma vizuri.

Huenda msomaji akauliza, yatuhusu nini mambo ya Pennsylvania? Na alitazame jokofu la chanjo katika zahanati. Taa inayowaka humwambia muuguzi kwamba umeme upo. Ni kipimajoto peke yake kinachomwambia kwamba chanjo ziko kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Anayetosheka na taa aweza kumchanja mtoto kwa dawa iliyokwisha nguvu.

Katika maabara zetu tumezoea kumwuliza mwanafunzi, "Umesoma ngapi?" Yafaa tutangulize swali jingine: "Chombo hiki kinapima nini, na ulitaka kujua nini?" Majibu yakitofautiana, mwanafunzi asiandike neno salama mpaka apate kipimo cha kitu chenyewe.