Vigeu Vilivyofichika na Toni ya Kinyaturu

Katika Kinyaturu, lugha ya Kibantu isemwayo mkoani Singida, toni ya juu husikika silabi moja baada ya ile inayodaiwa kuwa asili yake. Dai la asili hiyo isiyosikika linafanana na lile la vigeu vilivyofichika katika makanika ya kwanta, ambalo David Bohm alilijengea nadharia mwaka 1952.

Mwaka 1964 John Bell alithibitisha kwamba, ikiwa vigeu hivyo haviathiriwi na kipimo kinachofanywa mbali, na mpimaji yu huru kuchagua apimacho, uwiano wa matokeo hauwezi kuvuka kikomo fulani. Majaribio ya Alain Aspect nchini Ufaransa mwaka 1982 yalikivuka. Hata hivyo, nadharia ya Bohm haikuanguka, kwani haikubali sharti la kwanza.

Hapana budi mwanaisimu naye abainishe masharti ya umbo la ndani. Ikidaiwa kwamba toni ni ya kiambishi, kiambishi kisicho na toni kikiwekwa mahali pake, toni hiyo sharti itoweke katika silabi ifuatayo. Umbo lisiloweza kukanushwa na data yoyote halielezi tatizo, bali hulipa jina tu.