Furaha ya Krismasi haiko moyoni

Kila Desemba, kuanzia Jumapili za Majilio, mahubiri yaleyale hurudi mimbarani. Mhubiri huanza kwa kuwasuta wanaosukumana Kariakoo kuwanunulia watoto nguo za sikukuu, wanaogombea tiketi za Moshi na Arusha pale stendi ya Magufuli, na wale wanaoulizia bei ya mbuzi mwezi mzima kabla. Akimaliza kusuta hutoa dawa: furaha ya kweli, ile idumuyo, haimo kwenye pilau wala kwenye soda, imo moyoni mwa mtu aliyempokea Yesu. Kanisa zima huitika Amina. Kisha watu hutoka wakaenda kula pilau.

Wengi huona kwamba walioharibu ni hao waliotoka bila kuzingatia neno. Mimi naona walichofanya baada ya ibada ndicho kilichokuwa sahihi, na kosa lilibaki mimbarani. Ni Mlutheri, nilibatizwa utotoni na ukubwani nikabaki kwa hiari yangu, kwa hiyo sisemi haya ili kuibeza imani. Nasema furaha inayotangazwa Krismasi haiko moyoni mwa mtu, haijawahi kukaa humo, na kuwatuma watu waisake humo kumewaumiza wengi kuliko pilau ilivyopata kuwaumiza.

Ukishasema furaha ya kweli imo moyoni mwa kila aaminiye, umeshasema pia kwamba asiye nayo moyo wake una kasoro. Hakuna anayelitamka hivyo, maana sisi ni watu wa adabu, lakini kila mtu huelewa. Mama aliyemzika binti yake Novemba anakuja ibada ya Krismasi, anakaa benchi la nyuma. Ibada ikiisha anazungukwa. "Jikaze, mama, wewe ni mtu wa imani." "Usimpe shetani nafasi." "Sisi tulio na Yesu hatuhuzuniki kama wasiomjua." Wanaosema hivyo wanampenda, sina shaka. Lakini wamemwongezea mzigo: alikuja akiwa na msiba, anarudi nyumbani akiwa na msiba na deni la kutabasamu. Mwaka unaofuata mtamwona kwenye mazishi na kwenye harusi, ila Krismasi hatakuwepo.

Wiki moja baadaye mambo huwa mabaya zaidi. Kwenye mkesha wa mwaka mpya mtu hupanda kushuhudia kwamba Mungu ametuvusha kwa sababu anatupenda, na vigelegele hupaa. Binti wa yule mama hakuvushwa. Niambieni mama huyo aelewe nini.

Turudi kwenye habari yenyewe, kama Luka alivyoiandika katika sura ya 2. Wachungaji wako zamu ya usiku. Malaika anapowatokea, jambo la kwanza wanalolipata ni hofu kubwa. Anawapa habari ya furaha: katika mji fulani kimetokea kitu, na alama yake ni mtoto mchanga aliyevikwa nguo za kitoto, amelazwa horini. Hawaulizwi hali ya mioyo yao. Wanaelekezwa mahali, nao wanakwenda kwa miguu, wanaona, na sifa za kumtukuza Mungu zinawatoka wakiwa njiani kurudi kazini. Furaha hiyo ilikuwa kweli kabla wao hawajaisikia, na ingebaki kweli hata kama wangekuwa wamelala.

Msomaji makini ataniambia kwamba moyo umetajwa katika habari ya usiku ule. Ni kweli, umetajwa mara moja: moyo wa Maria. Lakini Luka hasemi moyo huo ulijaa furaha. Anasema aliyaweka humo mambo yote aliyoyasikia, akiyatafakari. Hata mwezi wa pili haujakatika vizuri, mzee Simeoni anamwambia hekaluni kwamba upanga utampenya nafsi yake. Hiyo ndiyo salamu aliyopewa mzazi aliyetoka kujifungua, tena na mtu ambaye Luka anasema Roho Mtakatifu alikuwa juu yake. Angeisema leo katika usharika wetu, mzee wa zamu angemvuta pembeni.

Upande wa Mathayo ni giza zaidi. Yusufu anakimbia usiku na familia yake kwenda Misri, Herode anatuma watu Bethlehemu, watoto wa kiume wa miaka miwili na chini wanauawa. Waliopanga kalenda ya Kanisa waliyajua hayo na hawakuyaficha. Siku inayofuata Krismasi, Desemba 26, ambapo huku kwetu mabondia hupandishwa ulingoni, Kanisa la Magharibi limeiweka siku ya Stefano, shahidi wa kwanza, aliyepigwa mawe mpaka akafa. Desemba 28 ni ya Watoto Mashahidi wa Bethlehemu. Siku nane za sherehe, na ndani yake damu mara mbili. Siamini waliofanya hivyo walikuwa watu wasiojua kufurahi. Walijua tu kwamba furaha inayovunjika ikiguswa na kifo haina kazi kwa binadamu.

Sasa ule mstari. Kila ukisema haya, mtu atakutolea Nehemia 8:10, kipande chake cha mwisho, kile kinachotaja furaha na nguvu. Kimechapwa kwenye fulana za kwaya na kubandikwa kwenye vioo vya daladala. Wachache wanaokibandika wamesoma kilichotangulia. Watu wamekusanyika uwanjani Yerusalemu, Ezra amewasomea torati tangu alfajiri hadi adhuhuri, nao wanalia. Wanaambiwa wasilie, na hapo wenzangu hushangilia kwamba nimeshindwa. Lakini endelea kusoma: wanaambiwa waende wakale vinono, wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Hakuna aliyewaambia wajichunguze ndani wakaikute furaha iliyojificha. Walipewa kazi ya mikono: pikeni, kuleni, pelekeni. Biblia ileile wanayoitumia kuishutumu pilau ndiyo inayoagiza karamu, tena karamu yenye mafuta.

Kama Nehemia haitoshi, fungua kitabu cha Ezra, sura ya 3. Waliorudi kutoka uhamishoni wanaweka msingi wa hekalu jipya. Watu wengi wanapiga kelele za shangwe. Makuhani, Walawi na wazee walioiona nyumba ya kwanza kabla haijachomwa wanalia kwa sauti kubwa. Mwandishi anasema watu hawakuweza kuitenga sauti ya furaha na sauti ya kilio, na kelele hiyo ilisikika mbali. Hatuambiwi kwamba kuna aliyewanyamazisha wazee, wala kwamba kuna aliyewaombea roho ya huzuni iwatoke. Ibada moja ilibeba sauti zote mbili, na ikaitwa sifa.

Sisi Walutheri ndio tusio na kisingizio hata kidogo, maana Luther mwenyewe alifundisha kwamba wokovu wetu umesimama nje yetu, katika Kristo, na anayeutafuta kwa kupima joto la moyo wake atakata tamaa. Alikuwa anajua anachosema. Mashaka na majonzi yalimwandama maisha yake yote. Katika miaka ya 1530 aliwatungia watoto wake wimbo wa Krismasi, Vom Himmel hoch, ambao Walutheri wa Ujerumani huuimba mpaka leo. Septemba 20, 1542, binti yake Magdalena alifariki Wittenberg akiwa na umri wa miaka 13. Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru tu kwa jinsi mtoto alivyokwenda salama, lakini hawawezi kufanya hivyo bila kulia na kuugua. Hata kifo cha Kristo, aliandika, hakikutosha kuuondoa uchungu ule kama ilivyostahili. Huyo ndiye baba wa matengenezo, aliyewapa watoto wimbo wa kumkaribisha mtoto Yesu. Kama angeketi benchi la nyuma Krismasi ya 1542, tungemwambia ajikaze?

Mlutheri mwingine, mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer aliyefungwa na Wanazi, alikula Krismasi ya 1943 katika gereza la Tegel, Berlin. Siku ya mkesha alimwandikia rafiki yake Eberhard Bethge kwamba pengo la mpendwa asiyekuwepo halizibwi na kitu chochote, na kwamba ni upuuzi kusema Mungu hulijaza. Mungu huliacha wazi, na kwa njia hiyo hutuwekea ushirika wetu na yule tuliyetengana naye, hata kama unauma. Aprili 9, 1945 alinyongwa katika kambi ya mateso ya Flossenbürg. Wahubiri wetu wanapenda kumtaja Bonhoeffer wanapozungumzia ujasiri. Barua hiyo sijawahi kusikia ikitajwa Desemba.

Najua jibu la upande wa pili, nami nitalipa nafasi. Wanasema: unatetea ulafi. Watu wanakopa kwenye kikoba ili wavae, wanakunywa mpaka wanapigana, na Januari ada ya shule inawakuta hawana hata nauli. Yote hayo ni kweli. Nawajua watu waliokwenda Kilimanjaro "kuhesabiwa", kama utani wetu kwa Wachaga unavyosema, wakachinja ndafu kuonyesha kwamba mjini kumewakubali, na wakarudi Dar es Salaam na madeni ya kuwafikisha Pasaka. Ubaya wa karamu hizo ni mashindano, na mashindano yanakemewa kwa jina lake. Kulihamishia tatizo kwenye chakula, kisha kuihamishia furaha ndani ya kifua, ni kumwachia mwenye majivuno aendelee kujivuna, sasa kiroho. Maana moyo hauonekani. Mtu anaweza kukaa kwenye nyumba yake yenye geti, asimpelekee jirani hata kipande cha mkate, na akashuhudia Jumapili kwamba moyo wake umefurika.

Kuna jambo tunalolifanya vizuri na mimbara haijalitambua. Katika mitaa yetu mingi, kuanzia Tanga mpaka Temeke, siku ya Krismasi mtoto hutumwa na sahani iliyofunikwa kwenda kwa jirani Mwislamu, na Idi sahani hurudi. Hupelekwa pia kwa bibi anayekaa peke yake, na kwa nyumba ambayo mwaka huu haikupika kwa sababu kuna matanga. Hiyo ni Nehemia 8:10 nzima, haikukatwa. Anayefunika sahani huenda kwa siku hiyo hana raha yoyote. Amechoka, moshi umemwingia machoni, mumewe hajarudi. Furaha ya Krismasi imepita mikononi mwake ikaenda kwa jirani bila kusimama kuuliza anajisikiaje.

Na hapo ndipo neno "idumuyo" linapopata maana. Hisia hazidumu, na hakuna mahubiri yatakayozifanya zidumu. Kufikia Desemba 27 huwa zimekwisha, kwa mwenye imani na kwa asiye nayo. Mfikirie mzee aliyekuwa mwalimu wa kwaya miaka mingi, sasa amepoteza kumbukumbu, hajui ni mwezi gani wala anayemlisha ni nani. Kama furaha ya Krismasi huhifadhiwa moyoni, yake imekwisha potea, na tuseme hivyo waziwazi mbele ya watoto wake. Mimi sitasema. Mchungaji anapompelekea Chakula cha Bwana kitandani, anampelekea kitu ambacho mzee huyo hahitaji kukikumbuka ili kiwe chake. Hakikuwahi kutegemea kumbukumbu yake hata alipokuwa na nguvu za kuongoza sauti nne.

Kwa hiyo nina ombi kwa mabaraza ya wazee, na si kubwa. Ibada ya Desemba 24 yasomwe majina ya washarika waliofariki mwaka huo, kabla kwaya haijaimba. Anayetaka kulia alie, na aliyekaa karibu naye afunge mdomo. Walimu wa kwaya watalalamika kwamba mnaharibu mambo, kwamba watu hawakuja kanisani usiku wa Krismasi kusikia habari za makaburi. Waonyesheni Ezra 3. Kisha Desemba 26, siku ya Stefano, fungu la sadaka ya Krismasi litoke likiwa mchele, mafuta na nyama, liende kwenye nyumba zenye msiba za kila mtaa wa usharika, likipelekwa na wazee wenyewe bila kipaza sauti wala picha za kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Na mhubiri anayetaka mwaka huu tena kuisema pilau vibaya, kwanza aombe orodha kwa mzee wa mtaa ya nyumba ambazo hazikupika.