Boma la Nyanya Juu ya Meza

Ukiingia katika duka la vitu vya watoto vya kuchezea hapa mjini, haitakuwa ajabu kuliona shamba zima likiuzwa ndani ya boksi. Kuna ghala jekundu la mbao lenye paa lililopinda, trekta la kijani, nguruwe wa rangi ya waridi, na ng'ombe ambaye akisimamishwa kando ya ghala hilo pembe zake hufika darini. Shamba la nani hilo? Maghala mekundu ya aina hiyo ni ya Marekani, na huko kwao yana sifa zake. Lakini mtoto wa Umoja au Kayole anayecheza nalo hukua akidhani kwamba shamba ndilo hilo. Siku akipelekwa kwa nyanya yake huko Vihiga au Murang'a, huuliza shamba liko wapi ilhali amesimama katikati yake.

Juma hili nataka tuzungumzie kazi ya mikono inayoweza kumtoa mtoto huyo gizani, na kumpa mzazi wake la kufanya mchana wa Jumapili badala ya kuzozana juu ya rimoti ya televisheni. Ni kazi ya kuunda mifano midogo ya majengo ya shambani pamoja na mandhari yake: nyumba, jiko, ghala la mahindi, zizi, migomba, ua na kijia cha kwenda kisimani. Ulaya na Marekani hii ni starehe ya watu wazima na akili zao. Hununua matrekta madogo ya skeli ya 1 kwa 32 au 1 kwa 64, kisha hutumia miezi kadhaa wakiyajengea mabanda na kuyatengenezea matope ya kukanyaga. Usicheke, msomaji. Wapo waliofanya kazi hii kwa sababu nzito.

Mwaka wa 1925 kijana mmoja wa Australia, Roye England, alifika Uingereza na kukaa katika bonde liitwalo Vale of White Horse. Alizipenda nyumba za wakulima wa huko, zile za kuta nene na paa za nyasi. Kisha akaona jinsi zilivyokuwa zikibomolewa au kubadilishwa moja baada ya nyingine, na hakuna aliyejali. Hakuwa na fedha za kuzinunua wala uwezo wa kuwazuia wenyewe. Alichoweza kufanya ni kuzipima na kuziunda upya kwa kadibodi, kwa skeli ya 1 kwa 76, bustani zao zikiwemo. Mwaka wa 1954 kazi yake ilizaa makumbusho ya Pendon katika kijiji cha Long Wittenham. Yeye alifariki mwaka wa 1995, lakini bonde lake dogo lingali linaendelea kujengwa na watu wa kujitolea.

Sasa tuangalie huku kwetu. Ni mashamba mangapi ya kahawa ya Ruiru na Kiambu ambayo leo ni mitaa ya nyumba za ghorofa? Ni maboma mangapi yaliyogawanywa baina ya ndugu watano, kila mmoja akaweka ua wake na lango lake, hata mtu aliyezaliwa pale akashindwa kuonyesha palipokuwa na jiko la mamake? Picha tunazo, ndiyo. Lakini chunguza picha hizo utaona ni za watu waliovalia nguo za Krismasi, wakiwa wameliziba ghala kwa migongo yao.

Basi tuingie kazini. Jambo la kwanza ni skeli. Mimi humshauri anayeanza achukue 1 kwa 50, kwani hesabu yake haimsumbui hata mwanafunzi wa darasa la nne: kila mita moja huwa sentimita mbili. Mlango wa mita mbili huwa sentimita nne. Mtu wa kimo cha kawaida huwa sentimita tatu na nusu hivi, ng'ombe wa gredi hakosi karibu sentimita tatu begani, na kuku ni milimita nane tu pamoja na kishungi chake. Mahindi yaliyokomaa, ambayo wengi huyafanya mafupi kama sukumawiki, yawe sentimita tano, yaani yaupite mlango. Nusu ekari nzima huingia katika ubao wa sentimita 90 kwa 90. Kwa kuwa nyumba zetu za kupanga haziruhusu anasa hiyo, chagua ua wa mbele peke yake. Uwanja wa mita 20 kwa 30 huwa sentimita 40 kwa 60, na ubao wa kadiri hiyo hulala vizuri chini ya kitanda.

Kanuni ya pili ni hii: usiunde "shamba", unda shamba la fulani. Ukiunda kutoka kichwani utapata nyumba mbili zinazotazamana, mti katikati, na ng'ombe akitabasamu. Ukipima boma halisi utakuta nyumba imeupa mgongo upepo, kijia kimepinda bila sababu yoyote (kumbe kulikuwa na mti uliokatwa zamani), na msingi ni wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine kwa sababu ya mteremko. Mteremko huo ndio wengi husahau. Nchi yetu ya mashambani ni ya milima na mabonde, lakini mifano ya watoto wetu yote hujengwa juu ya ardhi bapa kama kiwanja cha mpira. Panga vipande vya katoni ngazi kwa ngazi, vifunike kwa magazeti yaliyolowekwa katika uji wa unga wa ngano, uache vikauke siku mbili au tatu.

Kisha yaja mabati, na hapa naomba nikae kidogo. Karibu kila mtu hubandua karatasi ya juu ya katoni na kutumia yale mawimbi ya ndani kuwa mabati. Yanapendeza kwa mbali, lakini pima. Mawimbi ya bati la kawaida hupishana kwa kiasi cha milimita 76. Katika skeli yetu hiyo ni milimita moja na nusu tu, nayo ya katoni hupita hapo mara nne au zaidi. Ndiyo maana nyumba hizo huonekana kama zimeezekwa kwa magogo. Chukua kitana cha meno membamba, tandaza juu yake kipande cha karatasi ya fedha ile ya kufungia chakula, kisha pitisha ncha ya kalamu iliyokwisha wino katikati ya kila jino na jino. Kata vipande vya sentimita sita kwa bati la mita tatu, uvipandanishe ukianzia chini kwenda juu kama fundi afanyavyo ili mvua isiingie. Usipake kutu kila mahali. Kutu huanzia kwenye misumari na pale bati moja linapolalia jingine, halafu hushuka kwa mstari kufuata maji.

Mbao kuukuu nazo zina dawa yake. Tumbukiza kipande cha waya laini wa kusugulia sufuria katika siki, uache siku chache bila kukaza kifuniko. Paka vijiti vya aiskrimu chai ya rangi iliyokolea, vikikauka upake siki hiyo, nawe utaona mti mpya ukigeuka wa kijivu kama uliopigwa na jua miaka ishirini. Ukuta wa udongo utengeneze kwa udongo wenyewe: uchekeche kwa kichujio cha chai, ukaange kidogo kwenye kikaango kuukuu ili kuua mayai ya wadudu, kisha uchanganye na gundi nyeupe ya seremala na maji. Tia na tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili mchanganyiko upenye vizuri. Ukimaliza, paka wekundu hafifu sehemu ya chini ya ukuta, kiasi cha sentimita moja. Kwa nini? Kwa sababu matone ya mvua hugonga ardhi na kuurukia ukuta hadi usawa wa goti. Migomba ikate kwa karatasi, lakini uyachanechane majani. Mgomba usiochanwa na upepo ni wa hotelini. Majani ya chai yaliyokwisha tumiwa, yakikaushwa sawasawa yasije yakaota ukungu, huwa samadi nzuri kabisa.

Utamu wa kazi hii, hata hivyo, uko katika maswali. Mtoto akipima ghala la mahindi la fito atataka kujua kwa nini ni jembamba hivyo, mita moja na nusu au chini yake, ilhali ni refu. Jibu ni kwamba mahindi huvunwa yakiwa bado na unyevu, na upepo sharti upite katikati yake la sivyo yataoza. Kwa nini limesimama juu ya nguzo za urefu wa mita moja? Na zile kofia za bati kwenye nguzo ni za nini? Muulize panya. Nalo ghala la kusuka la mviringo, ambalo Waluo huliita dero na Wakikuyu wana lao waliitalo ikumbi, mlango wake uko wapi? Mtoto wa mjini atauzunguka ukuta akiutafuta, wala hatafikiri kuwa paa lenyewe linaweza kuinuliwa.

Jirani yangu mmoja ana binti wa kidato cha pili aliyeunda boma la nyanya yake kwa kufuata picha zilizopigwa kwa simu. Kazi ilikuwa safi. Desemba wakaenda nayo nyumbani, boksi likiwa mapajani mwa msichana njia nzima ndani ya matatu. Nyanya huyo ana mtoto wa jicho, haoni vizuri tena. Akawekewa ubao mezani, akaanza kupapasa. Akaitambua nyumba, akauhesabu ua, akacheka alipolishika zizi. Alipofika jikoni kidole kikasimama. "Mjukuu wangu, mlango huu nani ameuhamisha?" Baba mtu akamweleza mamake kwamba jiko lilijengwa upya miaka mingi iliyopita, na la sasa mlango wake ndio huo. "Hilo ni lenu," akajibu bibi kizee. "Langu lilitazama kisima, niwaone watoto wakienda maji." Tangu hapo, nasikia, mazungumzo hayakukoma hadi taa ikazimwa. Palitajwa mti uliokatwa, kaburi lililokuwa limesahauliwa, na mpaka ambao ndugu wawili walikuwa wakiubishia kimyakimya. Mpaka huo haukuamuliwa siku hiyo, na sijui kama umeamuliwa hata sasa. Lakini msichana alirudi mjini na kazi ya kufanya, na leo ubao wake una jiko la pili, la zamani, linaloweza kuwekwa na kuondolewa.

Neno moja kwa wazazi. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa mwaka wa 2019, walimu wamekuwa wakiwaagiza watoto kuunda vitu nyumbani, nasi tumekuwa tukivigeuza kuwa mitihani yetu. Usiku wa Jumapili utamkuta baba mezani na gundi vidoleni, mwenye kazi akikoroma. Wengine hununua mfano uliokwisha tengenezwa, asubuhi ukabebwa shuleni kama keki ya harusi. Mwalimu hadanganyiki, anajua mikono ya mtoto wa miaka tisa inafanana vipi. Kazi yako wewe ni kushika wembe panapohitajika kukata, kwani wembe si wa mtoto, na kupiga simu kwa mamako kuuliza zizi lilikuwa na vyumba vingapi. Na kama ni zizi la ng'ombe wa kulishiwa ndani, kila kilalio kiwe sentimita mbili na nusu kwa nne na kidogo, ng'ombe apate kulala bila kujichafua.

Kwa hivyo likizo hii mkienda ushago, kama vijana wasemavyo, chukueni kamba yenye fundo kila mita, daftari, na mikebe mitatu midogo. Pimeni kuta kabla ya kula, kwani baada ya chakula hakuna atakayeinuka. Pigeni picha za nyuma ya nyumba, pale pasipofagiliwa wageni. Katika mikebe tieni udongo wa uwanjani, wa shambani na wa kando ya kisima, maana hata katika boma moja haufanani. Na kila mkebe muuandike jina la mahali ulipotoka, kwani mkishafika Nairobi na udongo ukakauka si rahisi kuujua upi ni upi.

Jumapili ijayo tutaona jinsi ya kuunda miti, kuanzia mwembe hadi mkaratusi, kwa kutumia nyaya za shaba za waya wa umeme uliotupwa.