Masurufu ya Hewa kwa Msitu

Mwezi wa Septemba mwaka 2021, bei ya gesi asilia ilipopanda ghafla katika masoko ya Ulaya, viwanda viwili vya mbolea nchini Uingereza, kimoja cha Billingham na cha pili cha Ince, vilisimamisha kazi, na kwa siku chache taifa zima likatambua jambo ambalo watu wengi hawakuwa wamelitia akilini, kwamba viwanda hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vikitoa kiasi cha asilimia 60 ya hewa ukaa yote iliyouzwa nchini humo kwa mahitaji ya biashara. Wenye machinjio ya nguruwe na kuku walilalamika, kwa kuwa hewa hiyo ndiyo itumikayo kuwapotezea wanyama fahamu kabla ya kuchinjwa. Wafungashaji wa vyakula walilalamika. Watengenezaji wa soda na bia walilalamika. Na serikali ikalazimika, kabla ya juma la pili kutimia, kutoa fedha za umma ili kiwanda cha Billingham kirejee kazini. Mimi nalikumbuka tukio lile kwa ajili ya mteja mwingine wa hewa hiyo, asiye na sauti sokoni wala mjumbe wa kumsemea barazani, naye ni msitu.

Katika jimbo la Staffordshire, mahali paitwapo Mill Haft, uko msitu wa mialoni iliyotimiza takriban miaka 180, ambamo Chuo Kikuu cha Birmingham, tangu mwaka 2017, kimekuwa kikiongeza hewa ukaa katika hewa inayoizunguka miti hiyo, sehemu 150 katika kila milioni juu ya kiwango cha kawaida, ili mialoni ile iishi leo katika hewa ambayo wanadamu wanatazamiwa kuivuta kuelekea katikati ya karne hii. Msitu umegawanywa katika viwanja tisa: vitatu hupewa gesi, vitatu vina minara na mabomba yaleyale lakini hupulizwa hewa ya kawaida tu, na vitatu havikuguswa kabisa, ili ijulikane kama minara yenyewe haikuleta athari yoyote.

Namna gesi inavyofikishwa kwa miti yastahili kuelezwa kwa kituo, kwani humo ndimo ilimo hoja yangu. Gesi huletwa kwa malori ya tangi hali imefanywa kiowevu kwa baridi na mgandamizo, huwekwa katika matangi makubwa, kisha hupashwa moto irudi kuwa gesi na kusukumwa katika mabomba yaliyosimama wima juu ya minara iliyoizunguka miti kwa duara lenye upana wa mita 30 na kimo cha kufikia vilele. Kompyuta hupeleleza upepo unatoka wapi, nayo huyafungua mabomba ya upande ule utokako upepo, ili upepo wenyewe uichukue gesi na kuipitisha baina ya majani. Hapana ukuta, hapana paa, hapana karatasi ya nailoni: ndege huingia na kutoka, mvua hunyesha penye kunyesha, wadudu hula majani kama walivyozoea, na hapo ndipo ulipo ubora wa jaribio lenyewe, kwani mche uliofungiwa ndani ya kibanda cha kioo hauwezi kutoa ushahidi juu ya mti mzima uliosimama uwanjani. Lakini uhuru huo una gharama yake. Gesi iingiayo upande mmoja hutokea upande wa pili na kupotea angani, mchana kutwa, tangu majani yachanuapo mwezi wa Aprili hata yanapokaribia kupukutika mwezi wa Oktoba. Lori likichelewa na tangi likikauka, mti hurudi papo hapo katika hewa ya leo, na siku iliyopotea hairudishwi kwa kuongeza maradufu siku ya pili yake.

Kwa hiyo naamini, na ningependa wenye kushika mikoba ya fedha za elimu waamini pamoja nami, kuwa ahadi ya gesi ndiyo uti wa mgongo wa elimu hii. Minara hujengwa mara moja, tena kwa sherehe, na wakubwa wakaja kukata utepe. Gesi hununuliwa kila mwaka, bila sherehe, na ni mojawapo ya gharama nzito kupita zote za kuendesha jaribio. Na aghalabu fedha zinapopungua, hiyo ndiyo ankara ya kwanza kutazamwa kwa jicho la husuda.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini miaka mingi ihitajike, na kama misimu miwili au mitatu isingetosha. Jibu limeandikwa katika shamba la miti la Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, ambako miti michanga ya aina iitwayo switigamu ilipewa hewa ukaa ya ziada tangu mwaka 1998 hadi 2009. Baina ya mwaka 2001 na 2003 miti ile ilizalisha, kwa mbao, majani na mizizi pamoja, asilimia 24 zaidi ya wenzao wasiopewa kitu. Na lau jaribio lingalikomeshwa hapo, walimwengu wangalitangaziwa bishara kubwa kuwa misitu itayameza makosa yetu kwa hamu inayozidi. Lakini jaribio liliendelea, na kufikia mwaka 2008 ziada ile ilikuwa imeshuka hadi asilimia 9, kwa kuwa naitrojeni ya udongo haikutosha kuyalisha matumaini hayo. Katika jimbo jirani la North Carolina, misonobari ya msitu wa Chuo Kikuu cha Duke, iliyopewa gesi tangu mwaka 1996 hadi 2010, yenyewe ilidumisha ziada yake, mizizi ikazidi kuitafuta naitrojeni udongoni. Misitu miwili ya nchi moja, na majibu mawili. Wala hapana hata moja kati ya majibu hayo ambalo lingejulikana kwa hakika katika mwaka wa tatu.

Australia ilitoa jibu la tatu, nalo ndilo linalonishughulisha zaidi kwa sababu udongo wake wa kale, uliochoka, unafanana na udongo wa sehemu nyingi za tropiki. Karibu na mji wa Richmond, magharibi mwa Sydney, mikaratusi ya asili imekuwa ikipewa gesi tangu mwaka 2012. Wataalamu walipofanya hesabu ya miaka minne ya kwanza na kuitoa mwaka 2020, waliona miti imevuta kaboni asilimia 12 zaidi, lakini kaboni hiyo haikukaa katika mbao. Ilipita katika miti na udongo kama msafiri apitaye katika nyumba ya wageni, ikarudi hewani kwa pumzi za mimea na za vijidudu vya ardhini, kwa kuwa fosforasi ilikuwa haba mno kuweza kujenga mwili mpya. Na mialoni ya Mill Haft, ambayo iko katika udongo wenye neema zaidi, katika miaka saba ya kwanza iliongeza mbao kwa wastani wa asilimia 9.8. Hapo msomaji aone mwenyewe hatari ya kuchukua matokeo ya bara moja na kuyafanya sheria ya dunia nzima.

Wako watu waadilifu, tena nawaheshimu, wasemao kuwa ni dhambi kumwaga msituni gesi ileile tunayoililia kila siku. Nimeipima shutuma hiyo na naiona haina uzito inaodhaniwa kuwa nao. Katika viwanda vya mbolea, gesi asilia hukutanishwa na mvuke ili ipatikane haidrojeni, na hewa ukaa ni salio la kazi hiyo; isipouzwa, aghalabu huachwa ipande angani kupitia dohani. Kuipitisha kwanza katika majani ya mwaloni hakuongezi chochote juu ya hesabu ya dunia, ambayo kwa makaa, mafuta na gesi peke yake imezidi tani bilioni 37 kwa mwaka. Lakini uhusiano huo una ubaya wa namna nyingine, nao ndio uliofichuka ule mwaka 2021: hakuna mtu aliyejenga kiwanda kwa nia ya kupata hewa ukaa. Bei ya gesi asilia ikipanda, mbolea husimama. Mbolea ikisimama, hewa ukaa hukatika. Na utafiti wa miaka 20 hujikuta umefungwa mkiani mwa biashara isiyoujua kwa jina.

Lipo jambo jingine ambalo mnunuzi wa gesi wa kawaida halimhusu lakini mwanachuoni halimpi usingizi, nalo ni nasaba ya gesi. Kaboni ya gesi asilia na ya mafuta ina alama zake katika uzito wa chembe, tofauti na ile iliyomo hewani, na tena haina chembe zile za mnururisho ambazo kila kiumbe hai huzibeba. Hivyo kaboni iliyotoka tangini huweza kufuatwa, kutoka jani hadi shina, kutoka mzizi hadi uyoga, na kujulikana imekaa muda gani kila mahali. Kaboni itokanayo na uchachishaji wa miwa, kwa upande wake, alama yake ya uzito iko karibu mno na ya hewa ya kawaida, nayo ingekuwa shahidi dhaifu. Basi kumbadilisha mwuzaji katikati ya jaribio, kwa kuwa tu ametokea mwenye bei nafuu, kwaweza kuuvuruga ushahidi wa miaka, na mhasibu anayeidhinisha badiliko hilo hana njia ya kuliona kosa lake katika daftari.

Sasa kazi hiyo imeingia katika msitu mkubwa kupita yote ya tropiki. Kaskazini ya mji wa Manaus, nchini Brazili, serikali ya nchi hiyo pamoja na ya Uingereza zimegharamia minara ya mradi wa AmazonFACE, ambao umekusudia kuongeza sehemu 200 katika kila milioni. Naushangilia mradi huo kwa moyo wangu wote. Hata hivyo, yako maswali ambayo Amazoni haiwezi kuyajibu kwa niaba ya Afrika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya vipimo vya miti katika misitu isiyoguswa ya bara letu, ulionyesha kuwa kwa miongo mitatu hadi mwaka 2015 misitu hiyo iliendelea kuweka akiba ya kaboni bila kupunguza, wastani wa tani 0.66 kwa kila hekta kwa mwaka, hali ile ya Amazoni ikipungua. Kwa nini yetu imestahimili, na itastahimili hata lini? Watafiti waliiona hewa ukaa inayozidi kuwa miongoni mwa sababu za ustahimilivu huo, lakini kukisia kutokana na vipimo vya unene wa miti ni jambo moja, na kuupa msitu hewa ya kesho na kuutazama ni jambo jingine.

Majaribio yote ya misitu niliyoyataja yako Amerika, Ulaya na Australia. Wala si kwamba Afrika haina mila ya kudumu katika elimu ya misitu: kituo cha Amani katika milima ya Usambara kilianzishwa mwaka 1902, na huko Yangambi, karibu na Kisangani, ambako miti imepimwa vizazi na vizazi, mnara wa mita 55 ulisimamishwa mwaka 2020 ili kupima pumzi ya msitu wa Kongo. Na gesi je? Gesi tunayo, tena chini ya miguu yetu. Katika Kereita, kaunti ya Kiambu, pembezoni mwa Bonde la Ufa, kampuni ya Carbacid huvuta hewa ukaa ya asili kutoka katika visima vya ardhini; na katika wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya, kampuni ya TOL Gases hufanya kazi kama hiyo katika nchi ya volkeno. Leo sehemu kubwa ya hewa hiyo huishia katika chupa za vinywaji. Kupanda na kushuka kwa bei ya mbolea ya Ulaya hakuifanyi ikatike, na kwa kuwa imetoka vilindini mwa ardhi haina chembe za mnururisho, hivyo yafaa kufuatwa kama shahidi. Tena, kwa bahati njema, katika kila moja ya sehemu hizo mbili misitu ya milimani iko jirani na visima.

Sidai kuwa ujirani huo unamaliza kila kitu. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na juu ya mteremko mkali huporomoka kufuata bonde, kwa hiyo lazima utafutwe uwanda wenye msitu wa kutosha, na huenda msitu wa Kakamega, ambao lami inaufikia, ukafaa kuliko miteremko ya Mlima Rungwe. Pia gesi ya visima, tofauti na salio la kiwanda, huvutwa makusudi, na haki inadai tani zake ziandikwe katika hesabu bila kufichwa. Lakini hayo ni mambo ya kupimwa na mafundi, na mafundi tunao katika vyuo vya Morogoro, Eldoret na Kisangani.

Ninachokiogopa zaidi ni kuanza vizuri na kuachwa njiani, iwapo mfadhili wa ng'ambo atabadili nia katika mwaka wa nne, wakati ule hasa ambapo jibu la kwanza huwa tamu na si la kweli. Kwa hiyo ningependa mkataba wa gesi utiwe sahihi kabla ya shimo la nguzo ya kwanza kuchimbwa, nao utaje wazi tani zitakazotolewa kila mwaka, muda usiopungua miaka 15, bei na kanuni ya kuibadili, jina la mwuzaji wa pili atakayesimama iwapo wa kwanza ameshindwa, na fungu la bajeti ya umma litakalobeba ankara pindi mfadhili akijitoa. Hazina za Dodoma na Nairobi zimezoea kutia sahihi mikataba mirefu kuliko huo kwa ajili ya barabara na mitambo ya umeme, na sioni sababu ya wizara zinazosimamia misitu kushindwa kuwasilisha huu katika bajeti ijayo.